Mchanga, Mwamba na Giza: Jinsi Sakafu ya Bahari Inavyoamua Samaki Ahisi Nini

Kwenye meza ya soko la samaki, iwe Lamu au Mtwara, mkundaji, taa na mkunga hulazwa pamoja bila mtu kushangaa, ilhali kila mmoja amevuliwa katika sehemu ya sakafu ya bahari isiyofanana kabisa na ya mwenzake. Mshike mkundaji umtazame chini ya taya, utaona sharubu mbili nene zilizolazwa ndani ya mfereji kama kisu kilichorudishwa alani. Mgeuze taa chali, utakuta mdomo uko upande wa tumbo wakati macho yamebaki upande wa mgongo, na ngozi inayouzunguka mdomo imejaa vitundu ambavyo ukivibonyeza hutoa ute mzito, mwangavu. Mkunga naye ana vijineli viwili vya ngozi vinavyochomoza kwenye ncha ya pua yake, juu kidogo ya meno. Anayejua kuzisoma alama hizi anaweza kueleza, bila kumuuliza mvuvi, kila mmoja wa hawa watatu aliishi wapi na alikuwa akikipataje chakula chake.

Kuna maelezo ya mkato yanayosikika mara nyingi kuhusu jambo hili, kwamba samaki wa penye mwanga huwa na macho makubwa na samaki wa gizani hupofuka. Yana ukweli kidogo, lakini hayafiki mbali, kwa sababu wapo samaki wa kina cha zaidi ya mita elfu moja wenye macho makubwa kupita ya changu, na wapo wa maji ya magoti, penye jua kali, ambao hawategemei macho hata kidogo wakati wa kula. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: katika mahali fulani, ni habari ya aina gani inayoweza kutoka kwenye windo ikamfikia mwindaji kabla haijapotea njiani? Mwanga, sauti, harufu, msukosuko wa maji na umeme husafiri kila kimoja kwa namna yake, na mchanga, tope, matumbawe na kina huzuia kimoja huku vikikiacha kingine kipite. Samaki tunayemwona leo ni mzao wa wale walioweza kuipokea habari iliyokuwa ikipita mahali pao.

Jambo jingine la kuliweka sawa mapema ni gharama. Retina ya jicho, yaani tabaka la nyuma linalopokea mwanga, na sehemu za ubongo zinazoitumikia ni miongoni mwa tishu zinazotumia nguvu nyingi mwilini, kwa hiyo kiungo cha hisi kisicholeta chakula wala usalama huwa ni mzigo, na vizazi vinavyofuata hukipunguza taratibu kwa sababu wenye kiungo kidogo zaidi hubaki na nguvu nyingi za kukua na kuzaa. Tukisema samaki "amejirekebisha" tusifikirie kwamba samaki mmoja alijitahidi mpaka akaota sharubu. Mabadiliko hayo ni ya vizazi vingi, ingawa tutaona mbele kidogo kwamba wapo wachache ambao hubadilika ndani ya maisha yao wenyewe, tena kwa kasi ya ajabu.

Tuanze na mwanga, kwa kuwa ndio tunaoufahamu zaidi. Maji ya bahari huunyonya mwanga kwa ubaguzi: rangi nyekundu hupotea katika mita chache za mwanzo, ilhali buluu hupenya kina kirefu kuliko rangi zote. Kufikia mita 200 hivi, hata katika maji maangavu ya bahari kuu, mwanga uliosalia hautoshi kuotesha mwani, na kupita mita 1,000 hakuna tena mwanga wa jua ambao jicho lolote linaweza kuutumia. Hiyo ni bahari kuu. Karibu na midomo ya mito hali hugeuka, kwa sababu udongo na mabaki ya majani huinyonya buluu kwanza, na mwanga unaobaki huelekea kijani na manjano. Aliyesimama ufukweni Malindi wakati wa mvua, Mto Sabaki ukimwaga udongo wake baharini, ameliona jambo hili kwa macho yake: maji yanakuwa ya kahawia hadi mbali, na mstari wa buluu unaanza kule nje tu.

Tofauti hiyo ya rangi imeandikwa ndani ya macho ya samaki. Katika Mwamba Mkuu wa Matumbawe wa Australia, watafiti walipima mwaka 1994 kemikali zinazopokea mwanga katika macho ya samaki wa jamii ya Lutjanus, ambayo huku kwetu wavuvi huwataja akina kungu na tembo. Wote ni ndugu wa karibu, wenye umbo na tabia zinazolingana, lakini waliokuwa wakiishi kwenye miamba ya nje, penye maji ya buluu, walikuwa na kemikali zinazopokea vizuri mwanga wa mawimbi mafupi, na waliokuwa wakiishi karibu na nchi kavu na midomo ya mito walikuwa na kemikali zilizosogea kuelekea mawimbi marefu, yaani kijani. Ni ushahidi safi kuliko mwingi niujuao katika somo hili, kwa sababu unaondoa hoja ya ukoo. Damu ni moja na chakula kinakaribiana. Kilichotofautiana ni rangi ya maji yaliyokuwa juu ya vichwa vyao.

Rangi si yote. Hata mpangilio wa seli ndani ya retina hufuata sura ya mahali. Samaki anayeishi juu ya uwanda wa mchanga au wa majani ya bahari huona kitu ambacho samaki wa ndani ya matumbawe hakioni, nacho ni upeo: mstari mrefu uliolala, ambapo mchanga hukutana na maji, na ambao karibu kila adui na kila windo hutokea juu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 kuhusu samaki wa miamba ulionyesha kwamba wale wa maeneo ya wazi wana ukanda wa seli nyingi uliolala katikati ya retina kutoka mbele hadi nyuma, hivi kwamba mstari wote wa upeo huonekana kwa usahihi bila jicho kuzunguka. Wale wanaoishi katika mapango na matawi ya matumbawe, ambako hakuna upeo wowote wa kuuona, wana doa la mviringo la seli nyingi, linalofaa kukazia kitu kimoja kilicho karibu, kisha kingine.

Sasa tushuke mchangani penyewe, mahali ambapo jicho hushindwa kwa sababu rahisi kabisa: chakula kimefukiwa. Kaa, chaza, minyoo na samaki wadogo hujizika sentimita kadhaa chini, na hakuna jicho linalopenya mchanga. Lakini mchanga wa baharini haukauki. Kati ya chembe na chembe kuna maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Kila kiumbe hai, anapopumua kwa matamvua na kufungua mdomo, huvujisha umeme mdogo sana katika maji yanayomzunguka, na umeme huo hupita kwenye mchanga kana kwamba mchanga haupo. Hapo ndipo vile vitundu vya taa vinapopata maana. Kila kitundu ni mlango wa mfereji mwembamba uliojaa ute unaopitisha umeme, na mwisho wa mfereji kuna kifuko chenye seli za hisi. Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza viungo hivi mwaka 1678, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake, ingawa kazi yake ya umeme haikuthibitishwa mpaka karne ya 20.

Uthibitisho wenyewe unastahili kusimuliwa polepole, kwa kuwa ni mfano wa namna swali gumu linavyofunguliwa kwa vifaa vya kawaida. Mwaka 1971 Adrianus Kalmijn alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa papa mdogo wa Ulaya mwenye madoa. Alimfukia samaki bapa mchangani, papa akamkuta na kumchimbua bila shida. Hilo peke yake halikuthibitisha kitu, maana papa angeweza kunusa. Basi akamweka samaki huyo katika chumba kilichotengenezwa kwa agari, ule ute mgumu unaotokana na mwani, akakifunika kwa mchanga, na kuyaelekeza maji yaliyompitia samaki yatokee upande mwingine wa tangi. Agari huzuia harufu lakini hupitisha umeme. Papa akaenda moja kwa moja juu ya samaki, si penye mlango wa maji yenye harufu. Kalmijn akaondoa samaki hai na kuweka vipande vya samaki aliyekufa. Mara hii papa akaenda kwenye mlango wa maji, kwa kuwa sasa kilichobaki kilikuwa harufu tu. Kisha akamrudisha aliye hai na kuifunika agari kwa plastiki nyembamba sana isiyopitisha umeme: papa akapita juu yake kama asiyejua kuna kitu. Mwishowe akaondoa samaki kabisa, akafukia ncha mbili za waya zilizotoa umeme unaofanana na ule wa samaki, na papa akazichimba kwa hamaki, huku kipande halisi cha samaki kikiwa kando yake.

Papa na taa huweza kuhisi umeme wa takriban sehemu 5 kwa bilioni za volti katika kila sentimita ya maji. Kwa hesabu tu, ni kama kuchukua betri ndogo ya volti moja na nusu na kuutandaza umeme wake sawasawa katika umbali mrefu kuliko kutoka Mombasa hadi Kinshasa. Hata hivyo uwezo huu una mpaka ambao husahauliwa mara nyingi: umeme wa mnyama hufifia haraka sana kadiri unavyokwenda mbali naye, hivyo taa huutumia katika hatua ya mwisho tu, akiwa karibu sana na windo. Kutoka mbali humwongoza harufu, na mdomo wake ulio chini, ambao macho yake hayawezi kuuona, huongozwa na vile vitundu vilivyouzunguka. Mbingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, ameyatandaza matundu hayo kwenye kichwa kipana, na huonekana akikipitisha kichwa juu ya mchanga kulia na kushoto kama mtu anayefagia ua. Macho ya taa, kwa upande wake, yamebaki juu kwa kazi nyingine, ambayo ni kuwaangalia maadui wakati mwili wote umefukiwa, na nyuma ya kila jicho kuna tundu la kuvutia maji safi ya kupumua, kwa kuwa mdomo umelala kwenye mchanga.

Anayeishi mchangani jirani na taa ni gayogayo, ambaye wengine humwita wayo, naye alilitatua tatizo lilelile kwa njia isiyotarajiwa. Taa ametandazwa juu-chini. Gayogayo amelala ubavu. Akianguliwa huwa samaki wa kawaida mwenye jicho kila upande, akiogelea wima, kisha katika majuma machache jicho moja huhama, likivuka sehemu ya juu ya kichwa pamoja na mifupa inayolizunguka, hadi likae kando ya mwenzake. Ubavu usio na jicho huwa ndio tumbo lake la kulalia. Macho mawili yanayochomoza kutoka mchangani, kila moja likizunguka kwa hiari yake, humpa mwonekano wa pande zote bila mwili kutikisika.

Lakini hapa ndipo inapobidi kuipunguza nguvu hoja yangu mwenyewe. Sakafu ya bahari haiamui peke yake. Miongoni mwa samaki bapa, walio wengi katika jamii ya Bothidae huwinda mchana kwa macho na hushika samaki wanaopita, na sehemu ya ubongo wao inayoshughulikia kuona ni kubwa. Wenzao wa jamii ya Soleidae hulala kwenye mchanga uleule, lakini hutoka usiku na kupapasa minyoo na wanyama wengine wa chini, na kwao sehemu ya ubongo ya harufu ndiyo iliyokua. Ubavu wa kichwa ulio chini, ambao kwa ndugu zao ni ngozi tupu, umejaa vijinyama vya kugusia mfano wa zulia. Mchanga ni mmoja, ila saa ya kutoka na aina ya chakula vimetofautiana, na hisi zimefuata. Ukitaka kukisia hisi za samaki kwa kuitazama sakafu peke yake, bila kuuliza anakula nini na saa ngapi, utakosea nusu ya mara.

Mkundaji ni mfano wa wale niliosema hubadilika ndani ya maisha yao. Mabuu yake huelea katika maji ya wazi karibu na uso wa bahari kwa majuma kadhaa, yakila viumbe vidogo vinavyoelea, na wakati huo sharubu hazina kazi. Siku ya kutua chini ikifika, mambo hukimbia. Kwa mkundaji aitwaye Upeneus tragula, anayepatikana pia katika Bahari ya Hindi upande wetu, sharubu hurefuka na vinundu vyake vya ladha hukomaa ndani ya saa chache, katika usiku uleule wa kutua. Wakati huohuo jicho lake hupoteza uwezo wa kuona nyekundu uliokuwa na faida karibu na uso wa maji na usio na faida chini, ambako nyekundu haifiki. Kwa hiyo samaki aliyelala jioni akiwa mlaji wa kuona huamka akiwa mlaji wa kuonja. Ukimtazama akila kwenye maji mafupi, utaona sharubu zikitembea mbele yake mchangani kama vidole viwili vya mtu anayepekua mchele kutafuta mawe: zinagusa, zinasita, zinarudi, halafu kichwa kinazama ghafla na wingu la mchanga linapanda, na changu wadogo wanajisogeza kuokota masalio.

Kuonja kwa nje ya mdomo si jambo la ajabu chini ya bahari. Kambare wa baharini wa Japani, Plotosus japonicus, ndugu wa yule mwenye mwiba wa sumu ambaye wavuvi wetu humtoa wavuni kwa tahadhari, ana sharubu zenye uwezo mwingine tena: mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba anahisi ongezeko dogo la asidi katika maji, chini ya moja ya kumi ya kipimo cha pH, linalosababishwa na pumzi ya mnyoo aliyejificha ndani ya tundu lake. Haonji mwili wa mnyoo. Anaonja kupumua kwake. Uwezo huo huwa mkali zaidi katika pH ya kawaida ya maji ya bahari, 8.1 hadi 8.2, na hupungua maji yakiwa na asidi zaidi. Na katika pwani ya mashariki ya Marekani yuko samaki Prionotus carolinus ambaye miiba ya mbele ya mapezi yake ya kifuani imeachana na pezi na kuwa miguu sita ya kutembelea. Miguu hiyo huonja. Ina vijinundu vya hisi, naye huchimbua chakula kilichozikwa asichokiona, wakati ndugu yake Prionotus evolans, mwenye miguu ileile lakini isiyo na vijinundu hivyo, huitumia kutembea tu.

Kwenye miamba ya matumbawe mambo ni kinyume. Maji ni maangavu, mwanga ni mwingi, na tatizo ni msongamano: mamia ya aina za samaki katika eneo dogo, kila mmoja akihitaji kumtambua mwenzi, jirani na adui. Hapo jicho hurudi kwenye kiti chake. Samaki mdogo wa manjano Pomacentrus amboinensis ana michoro usoni inayoonekana katika mwanga wa urujuanimno peke yake, ambao sisi hatuuoni, wala wengi wa samaki wakubwa wanaomla. Kwa michoro hiyo humtofautisha mwenziwe na samaki wa aina nyingine inayofanana naye, kana kwamba wanaandikiana barua kwa wino ambao adui hana macho ya kuusoma.

Hata hivyo mwamba huohuo una upande wa nyuma, yaani mapango na nyufa, na mwenye nyumba huko ni mkunga. Katika ufa wenye kona nyingi mwanga haupindi, lakini harufu hupinda. Mkunga huwinda zaidi usiku, macho yake ni madogo, na vile vijineli vya puani huingiza maji katika chumba kirefu chenye mikunjo mingi ya ngozi ya kunusia, kisha maji hutokea kwenye tundu jingine karibu na jicho. Ndiyo sababu chambo kilichopondwa ndani ya dema humvuta mkunga hata katika usiku usio na mwezi.

Mwamba pia una sauti. Kamba wadogo wanaoalisha makucha yao, maelfu kwa maelfu, hufanya matumbawe yalie mfululizo kama kitunguu kilichotiwa kwenye mafuta ya moto. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, hivyo sauti hupita ndani yake bila kugonga; kinachobaki nyuma ni jiwe dogo la sikio, zito kuliko mwili, na tofauti ya mwendo kati ya jiwe hilo na seli zenye vinywele chini yake ndiyo samaki anayoisikia. Mabuu ya samaki wa miamba yaliyozurura bahari kuu huifuata sauti hiyo kurudi nyumbani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watafiti walipiga kwa vipaza sauti mlio wa mwamba wenye afya katika sehemu zilizokufa za Mwamba Mkuu wa Australia kwa siku 40, na samaki waliokuja kutua walikuwa mara mbili ya wale wa sehemu zisizopigwa chochote. Gayogayo aliyekomaa, ambaye hana kibofu cha hewa, husikia milio mizito ya karibu tu, lakini wapo samaki wekundu wa usiku wa jamii ya Myripristis ambao kibofu chao cha hewa kimesogea hadi kugusana na sikio na kuwa kama ngoma, nao husikia hadi mitetemo 3,000 kwa sekunde.

Kati ya kusikia na kugusa kuna hisi ambayo sisi wanadamu hatuna, na pengine ndiyo sababu huelezwa vibaya. Ni ule mstari wa ubavuni ambao kila anayepara magamba huuona bila kuuliza ni wa nini. Kando yake na kichwani kuna vikundi vya seli zenye vinywele, baadhi vikiwa wazi juu ya ngozi, vingine vikiwa ndani ya mifereji yenye vitundu. Vile vya juu ya ngozi hupima kasi ya maji yanayopita, navyo hufaa sana penye utulivu, kwani hata mwendo wa mdudu mdogo husikika. Lakini penye mkondo au mawimbi husombwa na kelele ya maji yenyewe, kama masikio ya mtu aliye kwenye pikipiki. Vile vya ndani ya mfereji havijali mkondo wa daima. Huamka mwendo unapobadilika ghafla. Samaki wa penye misukosuko hutegemea mifereji, na wa maji yaliyotulia huwa na seli nyingi za juu. Katika kina kirefu, ambako maji husogea polepole mno, wengi wamepanua mifereji ya kichwani hadi ikawa mipana yenye kuta nyembamba, na seli zake kubwa hupokea mitikisiko ambayo samaki wa mwambani asingeigundua.

Mikoko inatosha kutajwa kwa ufupi. Wale samaki wadogo wanaoruka juu ya tope maji yanapokupwa wameweka macho yao juu kabisa ya kichwa, wanaona vizuri hewani, na huyavuta macho ndani ya vikombe vya ngozi ili kuyalowesha. Kwa maneno mengine wamevumbua kupepesa macho bila kuwa na kope wala machozi.

Turudi kwenye kina na ile kanuni ya mkato. Samaki wa jamii ya Bathypterois husimama kwenye matope ya vilindi, wengine kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, juu ya mapezi matatu marefu kama kigoda cha miguu mitatu, akielekea mkondo unakotoka. Macho yake ni vidoa. Mapezi ya kifuani ameyainua mbele yaliyochanuka, akingoja kiumbe kidogo kinacholetwa na maji kiyaguse. Ndugu yake Ipnops amekwenda mbali zaidi, kwani macho yamegeuka mabamba bapa juu ya kichwa, bila lenzi, yasiyoweza kutengeneza picha ya kitu chochote ila kuhisi kwamba pana mwanga. Ungedhani basi kanuni imethibitika. Lakini juu ya matope ya aina hiyohiyo huogelea samaki wa jamii ya Macrouridae, wenye mkia mwembamba kama wa panya, na wengi wao wana macho makubwa yenye seli za umbo la fimbo tupu, zile za kuonea gizani. Jua haliwafikii, lakini viumbe vya vilindini hujiwashia taa zao wenyewe, na mmweko mmoja wa buluu katika giza tupu ni habari yenye thamani kwa anayetembea kutafuta. Kwa anayesimama kungoja, thamani hiyo ni ndogo. Mwenye mkia wa panya ana pia kisharubu kimoja kidevuni na pua kali, na kamera zilizoshushwa na chambo zimewanasa wakifika dhidi ya mkondo, wakiifuata harufu.

Samaki anayekusanya karibu yote haya katika kichwa kimoja anapatikana Tanga. Silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka alipotambuliwa mwaka 1938 huko Afrika Kusini. Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombessa. Tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa Tanzania, hasa katika nyavu za jarife zinazotegewa papa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake mkoani Tanga. Mchana hukaa katika mapango ya miamba mikali, kwa kawaida kati ya mita 100 na 300, na usiku hutoka kuelea taratibu kando ya mteremko. Jicho lake ni la giza la buluu: karibu seli zote ni za umbo la fimbo, nyuma yake pana tabaka linalorudisha mwanga kama la jicho la paka, na kemikali zake mbili za kupokea mwanga zimekaa jirani kabisa, kwenye mawimbi ya takriban nanomita 480, ambayo ndiyo rangi inayobaki katika maji ya kina hicho.

Ndani ya pua yake kuna kifuko kikubwa cha ute chenye mifereji mitatu kila upande inayotokea kwenye ngozi, na seli zake ni za kuhisi umeme. Timu ya mtafiti Mjerumani Hans Fricke, iliyomwona kwa mara ya kwanza akiwa hai katika makazi yake mwaka 1987 kutoka kwenye nyambizi ndogo huko Komoro, ilimshuhudia akifanya jambo lisilotegemewa kwa samaki wa ukubwa wake: alisimama kwa kichwa, mkia juu, akabaki hivyo kwa muda bila kugusa kitu. Tafsiri inayoshikwa na wengi ni kwamba hapo anaukagua mwamba kwa kile kifuko. Taa, mwenye matundu ya umeme chini ya mwili, hahitaji zaidi ya kuogelea juu ya mchanga. Silikanti anayo puani, na kwake kuipitisha juu ya sakafu ni kuupindua mwili wote.